Pilingi ya asidi Ngamiani: niliuliza bekingi soda, nikaambiwa nikajichubue mwenyewe

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikidhani itapoa. Haikupoa. Nilikwenda kufanyiwa pilingi ya asidi ya glaikoli, yaani kupakwa asidi usoni ili tabaka la juu la ngozi litoke, kwenye saluni moja ya Ngamiani hapa Tanga, wiki chache kabla ya Ramadhani. Jina la saluni silitaji.

Zuri niliseme kwanza, maana lipo. Chumba kisafi, taulo zimefuliwa, na yule dada alijua kuandaa uso. Aliosha kwa sabuni laini, akapangusa mafuta kwa pamba yenye spiriti mara mbili, tena akarudia pembeni mwa pua na kwenye kidevu. Wengi hupita hapo mara moja tu, na palipobaki mafuta asidi haishiki, palipopauka inazama, mtu anatoka na madoadoa. Hadi hapo nilikuwa namhesabia nyota tatu, labda nne.

Kisha akatoa chupa. Imeandikwa asilimia 70, basi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, pH yake ngapi?" Akajibu, "Iko sawa tu, dada."

Asilimia bila pH ni nusu ya habari. pH ni kipimo cha ukali: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi. Asidi ya glaikoli ya asilimia 70 ambayo haijapunguzwa makali huwa na pH chini ya 1. Ikipunguzwa makali hadi pH 3.8, ni nusu tu ya asidi inayobaki huru kufanya kazi, kwa hiyo inaingia taratibu. Chupa hizo mbili zinaweza kuandikwa 70 zote, na mmoja akatoka akiwa na wekundu kidogo, mwingine akatoka na kidonda. Kwa ngozi nyeusi, mara ya kwanza, mtu huanza na asilimia 20 hadi 35, kwa dakika 1 au 2, saa ikiwa mezani. Nilimwomba achanganye na maji. Aliichanganya kwa kukisia, na mimi nikakubali.

Akapaka kwa brashi: paji la uso, mashavu, kidevu, vizuri kabisa. Simu ikaita. Akatoka mlangoni kuongea.

Mezani hapakuwa na saa. Palikuwa na bakuli moja la maji, hayafiki vikombe viwili. Pembe za pua hazikupakwa Vaseline, na hapo ndipo asidi hutuama, kama kwenye kona za midomo na za macho. Kuwashwa kwa kawaida hupanda, kisha hutulia. Huku kulipanda tu, upande wa kushoto wa pua. Nikaita. Akaja simu ikiwa bado sikioni: "Vumilia, dada, uzuri gharama."

Nikamwambia zima asidi. Bekingi soda iko wapi? "Ya nini?" Nikaeleza kwamba ndiyo inayoizima asidi. Akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike: "Haya ni mambo mapya ya kisasa, ninyi hamuyajui. Kama unajua sana, ungejichubua mwenyewe nyumbani."

Mambo mapya! Mafunjo ya Misri yanayoitwa Ebers, ya karibu mwaka 1550 KK, yana dawa ya kuirudishia ngozi upya: asali, magadi na chumvi, visagwe pamoja, mtu ajipake. Watu wa kale walioga maziwa yaliyochacha bila kujua kwamba ndani yake mna asidi ya laktiki, walijipaka mashapo ya divai bila kujua mna asidi ya tatariki. Ukwaju unaouzwa hapo nje ya mlango wake una tatariki hiyohiyo. Mtindi una laktiki. Hiyo glaikoli yenyewe imo kwenye miwa. Pwani hii bibi zetu walisugua liwa juu ya jiwe na kumpaka bi harusi singo siku kadhaa mfululizo, taratibu, na somo, yule mama anayemfunda, amekaa pembeni anamtazama. Hawakumwacha mwari peke yake na dawa usoni.

Na asidi za madaktari nazo si za jana. Mwaka 1882 Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Hamburg, Ujerumani, alikwisha kueleza kazi ya asidi ya salisiliki, resosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki kwenye ngozi. Daktari George MacKee alianza kutumia fenoli kwa makovu ya chunusi mwaka 1903. Mjerumani Ernst Kromayer, 1905, akaingia kwa njia nyingine, kusaga ngozi kwa misasa inayozunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Thomas Baker na Howard Gordon, wapasuaji wa Miami, walitoa mchanganyiko wao: fenoli ya asilimia 88 mililita 3, maji mililita 2, sabuni ya maji matone 8, mafuta ya krotoni matone 3. Matone matatu! Baadaye ikaonekana kwamba matone hayo ndiyo hasa yanayoamua asidi izame kiasi gani. Na fenoli inapita kwenye ngozi hadi kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana uso hupakwa kipande kwa kipande, kwa mapumziko, moyo ukipimwa muda wote. Glaikoli ilipata umaarufu baada ya watafiti Van Scott na Yu kuandika mwaka 1974 kuhusu asidi za matunda kwa watu wenye ngozi ya magamba. Zaidi ya miaka mia watu wamehangaika na swali moja, namna ya kuisimamisha asidi kabla haijazama, halafu mtu anasimama mlangoni na simu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Kipimo cha aina za ngozi cha daktari wa Marekani Thomas Fitzpatrick, cha 1975, kilianza na ngozi nyeupe, za kwetu ziliongezwa baadaye. Vitabu vingi vinamwambia fundi asubiri wekundu ndipo aoshe. Kwenye ngozi yangu wekundu hauonekani vizuri. Mpaka fundi auone, keshachelewa. Ngozi nyeusi ikiunguzwa, chembe zake za rangi hukasirika na kumwaga melanini, doa linabaki miezi. Ndiyo maana kwetu saa ni muhimu kuliko jicho, na ndiyo maana wengi wetu salisiliki inatufaa zaidi. Mwaka 1999 Pearl Grimes, daktari wa ngozi wa Los Angeles, alionyesha kwamba salisiliki ya asilimia 20 na 30 inavumilika kwenye ngozi nyeusi. Salisiliki ikikauka spiriti yake inaacha chembe nyeupe kama chumvi, na kazi kubwa inakomea hapo. Glaikoli haijizimi. Inaendelea kula mpaka uizime.

Kuizima ni rahisi mno, ndiyo maana nimekasirika. Bekingi soda gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai, kwenye maji mililita 100. Pamba inaloweshwa na kuwekwa tayari kabla brashi haijagusa uso. Unagusa, povu linachemka. Unagusa tena mpaka povu likome, na hapo unaosha kwa maji mengi. Mtungi, si bakuli. Ukiona weupe wa kijivu mahali popote kabla ya muda, unazima hapohapo, huongei na mtu. Bekingi soda inauzwa kila duka la Tanga.

Aliponiosha, pembe ya pua ilikuwa nyeupe-kijivu. Siku ya tatu gamba, siku ya saba gamba likadondoka lenyewe, chini yake doa jeusi kama ukucha wa kidole kidogo. Gamba sikulibandua, doa silisugui. Vaseline usiku, kinga ya jua SPF 30 asubuhi na tena mchana, na kitambaa kichwani kwa jua hili letu. Alinishauri kwa simu nipake mkorogo "ufute". Mkorogo! Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na mkorogo wenye steroidi unalifanya doa kuwa ugonjwa. Pilingi na kujichubua ni vitu viwili, na fundi anayevichanganya asipewe uso wa mtu. Mwenye doa linalokua amwone daktari wa ngozi. Waliosomea haya wapo, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachowafundisha tangu 1992.

Lazima nikiri: mashavu na paji la uso vimetoka laini sana. Ukinitazama kwa kulia utasema pesa haikupotea. Asubuhi moja nilisimama kwenye kioo nikataka kufuta haya yote na kumpa tatu zake, kwa sababu mkono wake ni mwepesi na aliandaa uso kuliko wengi. Kisha nikageuza kichwa kushoto.

Wanaokwenda: acheni krimu za retinoli wiki moja kabla, msinyoe wala msing'oe nywele za uso siku hizo, aliyewahi kutoka malengelenge mdomoni aseme mapema, na ombeni ajaribu tone nyuma ya sikio kwanza. Mkiona meza haina saa na bekingi soda, vaeni viatu vyenu.

Nyota moja. Sikudai pesa. Siku akiweka saa na bakuli la soda mezani na kuzima simu, aniambie, nitarudi na nitaandika upya.