Kadi ya grafiki ya bei nafuu: pima kompyuta kwanza, kadi baadaye

Kadi yangu ya kwanza ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, ilikaa mezani wiki mbili bila kufungwa popote. Haikuwa mbovu, ilikuwa ndefu. Ilizidi nafasi kwa upana wa kidole kimoja, ikagota kwenye kizimba cha diski, na kizimba chenyewe kilikuwa kimepigwa ribiti. Tangu siku hiyo, futi hutangulia pochi.

Kwa hiyo kabla hatujaulizana kadi ipi kali, fungua ubavu wa kesi. Pima kutoka kwenye bati la nyuma hadi kitu cha kwanza kitakachozuia kwa mbele, kisha uache nafasi ubavuni kwa ajili ya kichwa cha waya wa umeme. Kadi nyingi hula nafasi mbili za bati, si moja. Kama mashine ni ile nyembamba ya ofisini, utahitaji kadi ya kimo kifupi, na uhakikishe bati lake fupi limo kwenye boksi. Kwenye kadi za mtumba bati hilo hupotea ovyo.

Umeme ndio unaoangusha wengi. Sloti ya PCIe, yaani tundu la ubao mama ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi huvuta kwa waya: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Tafuta mstari wa volti 12 kwenye kibandiko. Ampea 18 mara volti 12 ni wati 216, na humo humo prosesa nayo inakula. Na ile adapta ya kutoa SATA (waya wa umeme wa diski) kwenda pini 8, iache hapo hapo dukani. Kichwa cha SATA kimetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukikibebesha 150 kitayeyuka.

Sasa kadi zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni RX 6600. Ina kumbukumbu ya GB 8, inakula wati 132, inataka waya wa pini 8 na pawa saplai ya wati 450 ya kuaminika. Inatumia njia 8 za data za PCIe 4.0, lakini hata kwenye ubao mama wa kizazi cha nyuma, 3.0, inapoteza kasi kidogo tu. Kama kesi na umeme wako vinaiweza, zilizobaki zisome kwa kujifurahisha.

Ya pili ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024. Wati 70, kwa kawaida haihitaji waya wowote. Kwa mashine ya ofisini inayogeuzwa ya gemu, ndiyo ninayoichagua bila kusita. Ila soma boksi vizuri: ndugu yake wa GB 8 ana jina lile lile, anakula wati 130 na anataka waya.

RX 6400 naiweka ya tatu, tena kwa masharti. Inakula wati 53 tu na huingia kwenye kesi nyembamba, lakini ina njia 4 pekee. Ukiichomeka kwenye ubao wa PCIe 3.0 kasi ya njia hizo inakatwa nusu, na kwa kuwa ina GB 4 tu, gemu nzito huanza kukwama. Tena haina uwezo wa kurekodi video yenyewe, kazi yote inaangukia prosesa. Kwenye ubao wa zamani, GTX 1650 ya mtumba inaishinda kwa sababu ina njia zote 16. Baadhi ya 1650 zina tundu la pini 6, kwa hiyo itazame juu kabla ya kulipa.

Arc A380 ina GB 6, lakini bila Resizable BAR, kipengele kinachoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, inaporomoka vibaya. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) uone kama kipengele hicho kipo. Hakipo? Iache.

Mkiani ni GTX 1050 Ti. Nvidia, mtengenezaji wake, iliacha kuitolea draiva mpya za gemu (programu za kuiendesha kadi) Oktoba 2025, na ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana: kadi kuukuu hubadilishwa BIOS yake yenyewe, yaani programu iliyo ndani ya kadi, ikajitaja kwa jina lake. Muuzaji akikataa usiiendeshe GPU-Z, programu inayoonyesha kadi ni ipi hasa, mbele yake, ondoka.

Mwisho, skrini. Kadi mpya hazina tundu la VGA, lile la skrini za zamani. Mwenye skrini ya zamani atahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Nimeshaitwa zaidi ya mara moja kuangalia kadi "iliyokufa", nikahamisha waya tundu moja chini, nikanywa chai, nikarudi nyumbani.