TAHADHARI: Muuzaji wa vyuma vya rota ya kombaini "vilivyobalansiwa"

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Kuna jamaa anatangaza mtandaoni spea za rota ya kombaini, ile mashine ya kuvuna nafaka (rota ni pipa la ndani linalozunguka na kupura): vyuma vya kupura "vilivyokarabatiwa na kubalansiwa", yaani vimesawazishwa uzito, pamoja na bolti zake. Ana lugha tamu, anajibu upesi, kila neno "bosi". Msimtumie hela. Jina lake siliandiki maana halidumu, lakini mwenendo wake ni ule ule.

Vyuma vya rota yangu vilikuwa vimechoka, mistari yake imesagika hadi masuke yakawa yanatoka nyuma ya mashine bado yana nafaka. Na kwa kuwa beringi ya mbele nayo ilianza kulia, nikaishusha rota nzima kwa cheni bloku, nikaiweka nyumbani kwenye stendi nifanye kazi yote kwa mkupuo. Jamaa akaniambia vyuma vyake vinaingia kwenye rota za aina zote. Hapo hapo ningeshtuka! New Holland walipoanza kuuza kombaini yao ya TR70 mwaka 1975 waliweka rota mbili ndani ya mashine moja. International Harvester walikuja na rota moja kwenye Axial-Flow yao mwaka 1977. Tangu huko kila kampuni ina vipimo vyake na matundu yake ya bolti. Hakuna chuma kinachoingia kote. Lakini msimu unakimbia na mtu anakuita bosi, akili inalala.

Nilimwomba picha ya vyuma vikiwa juu ya mizani. Akasema mizani imeharibika, akanitumia video ya rota nyingine kabisa inazunguka. Akataka malipo yote kwanza, eti mteja mwingine yuko njiani. Nikatuma.

Mzigo ulifika umepakwa rangi inayong'aa. Nikafunga vyuma vyote, kisha nikaegemeza ncha mbili za shafti juu ya kingo za chuma nilizozipima kwa pima maji, nikaisukuma rota taratibu kwa mkono. Ikazunguka, ikasita, ikarudi nyuma, ikatulia. Nikaisukuma tena. Upande ule ule ukarudi chini. Mara ya tano sikuhitaji kuambiwa kuwa upande huo ni mzito zaidi.

Nikafungua kimoja kimoja na kupima. Chuma kimoja kilo 2 na gramu 140, mwenzake wa upande wa pili kilo 1 na gramu 930. Hivi hufungwa viwili viwili vikitazamana, na uzito unatakiwa ulingane. Mtu atasema gramu 210 ni nini kwenye chuma kizito kama rota. Chukua gramu 200 tu, ziweke sentimita 35 kutoka katikati ya shafti, zungusha mara 1,000 kwa dakika: zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 78, na mvuto huo unageuka mwelekeo kila mzunguko. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Beringi itakufa kwanza, na usiombe bolti ikatike hapo.

Na bolti zenyewe! Vichwa vitupu, havina zile namba za uimara wa bolti, 8.8 wala 10.9, wala alama yoyote. Hizo ni za kufungia geti.

Nikakwangua rangi kwa kisu. Chini yake matuta ya kuchomelea, mengine yamesawazishwa kwa grainda, mengine yameachwa yalivyo. Nikapitisha tupa: juu ya chuma changu cha zamani iliteleza tu, juu ya hiki ikang'ata na kutoa unga. Yaani wamechukua vyuma chakavu, wakajaza kwa waya laini, wakapaka rangi. Kwa ngano visingemaliza wiki.

Nilipomtumia picha alisema fundi wangu hajui kufunga. Fundi ni mimi. Nilipomwambia hivyo akanibloku.

Kwa wanaonunua sasa hivi: dai namba ya spea iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si ya kwenye karatasi, na picha ya kila chuma juu ya mizani. Akileta sababu, achana naye. Na mliokwisha kufunga vya kwake, msiwashe. Mkienda kuvifungua ndani ya mashine, chomoa ufunguo, subiri rota isimame kabisa, kisha izuie kwa gogo kabla ya kuingiza mkono, maana ikielemea upande mmoja inaweza kujigeuza yenyewe.

Juzi nimemwona tena kwa jina jipya. Picha ni zile zile alizonitumia mimi: vyuma vinane juu ya turubai, cha tatu kutoka kushoto kina kovu la grainda lililopinda kama mundu. Kwenye mzigo wangu hakuna chuma chenye kovu hilo.