Miche ya Kuagiza Mtandaoni: Ipi Huvumilia Safari, Ipi Ya Kuacha

Ukifungua ukurasa wa kitalu kinachouza mtandaoni, jicho hukimbilia mmea wenye majani tele na ua lililokwisha kuchanua. Huo ndio ninaouweka mwisho kabisa hapa. Mche ulioagizwa hufungwa kwenye boksi, hukaa gizani siku tatu, pengine wiki nzima, hupinduliwa kichwa chini, hupita kwenye joto la gari na baridi ya ghala. Humo ndani majani yanaendelea kupoteza maji na hayapati mwanga. Maua yanayozeeka nayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo ikikosa pa kutokea huharakisha majani mengine kudondoka. Kwa hiyo nimezipanga aina zote kwa kigezo kimoja, yaani uwezo wa kuvumilia boksi. Mbegu nimeziacha kando. Husafiri vizuri kuliko chochote, lakini anayetafuta mche hataki kuanzia huko.

1. Tunguu na viazi vya maua

Tulipu, amarili, dalia na jamaa zao. Tunguu ni mmea uliojifungia chakula chake ndani na kulala, kwa hiyo giza halimsumbui mtu aliyelala. Kinachomdhuru ni unyevu uliofungiwa kwenye nailoni, maana huleta ukungu. Mfuko wa karatasi au wavu ndio mzuri.

Saizi hupimwa kwa mzingo, kwa sentimita. Tulipu ya daraja la juu huandikwa 12 na zaidi. Amarili ya 26/28 ni ya kawaida, na ya 34/36 ni kubwa, kwa kawaida hutoa mabua mawili au zaidi. Muuzaji asiyeandika mzingo simwagizi, kwa sababu tunguu dogo linaweza kupitisha msimu mzima likitoa majani matupu. Dalia ina jambo lake: kiazi chake hakina macho mwili mzima kama kiazi mviringo. Jicho liko shingoni, pale kinapoungana na bua la zamani. Kiazi kilichokatwa bila kipande cha shingo kitakaa udongoni kikiwa kizima, kisichipue milele. Soma maelezo kama wanaahidi angalau jicho moja.

2. Miche ya mizizi mitupu

Hii ndiyo ninayoinunua zaidi, na ndiyo inayoogopwa zaidi na wanaoagiza kwa mara ya kwanza. Waridi, mitofaa, mipichi, miplamu na mizabibu hung'olewa ikiwa imepukutisha majani, udongo ukakung'utwa, mizizi ikafungwa kwenye kuvumwani au karatasi yenye unyevu. Nilipopokea waridi wa kwanza wa namna hii niliona vijiti vitatu na mizizi kama kamba iliyochakaa. Ukilipa kwa uzito, hapa hulipii udongo wala chungu, na mizizi unaiona yote kwa macho yako.

Masharti ni mawili. Kitalu kitume msimu wa kulala tu. Anayekuuzia mizizi mitupu ikiwa na majani mabichi anakuuzia kuni. Na mizizi isikauke hata kwa nusu saa ya jua na upepo. Iloweke saa chache kwenye maji, usiizidishe usiku mmoja, kisha panda. Kama shimo halijawa tayari, ilaze miche kwenye mtaro mdogo kivulini na ufukie mizizi kwa udongo wenye unyevu.

Kwenye miti ya matunda, swali kubwa kuliko yote ni kama mche umebebeshwa, yaani kijiti cha aina unayoitaka kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Mtofaa uliooteshwa kwa mbegu haurudishi tunda la mama yake. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Mparachichi wa mbegu unaweza kukuweka ukisubiri miaka mitano, hata kumi na zaidi, ilhali uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu au minne. Muuzaji makini hutaja vyote viwili: aina ya juu na shina la chini. Shina la chini ndilo linaloamua kimo. Mtofaa uliobebeshwa juu ya M9, shina lililotokana na kazi ya kituo cha East Malling huko Uingereza, huishia kama mita mbili hadi tatu, lakini mizizi yake ni dhaifu na utahitaji nguzo maisha yake yote. Juu ya MM106 mti huohuo unaweza kufika mita nne. Ukiona tangazo limeandika "mtofaa mfupi" bila kutaja shina, uliza. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ondoka.

3. Kaktasi, mshubiri na mimea mingine minene

Maji yake iko nayo mwilini. Hustahimili hata wiki mbili. Ije bila udongo, imefungwa kwa karatasi kavu, kwani ikifungwa na udongo mbichi hufika imeoza shingoni. Iache kivulini siku chache majeraha yakauke, ndipo uipande, na usikimbilie kumwagilia.

4. Miche midogo ya chungu au kiriba

Kwa mimea isiyolala, hapa ndipo pa kununua. Chungu cha sentimita 9 kinatosha. Najua inauma kulipia kitu kidogo, lakini mche mdogo hupoteza maji kidogo, hauvunjiki kirahisi, na ukishapandwa huwa haukawii kushika ardhi. Mkubwa uliokaa muda mrefu kwenye chungu mara nyingi mizizi imejizungusha kama sufi ndani ya mto, na itaendelea kujizungusha hata ardhini usipoitawanya. Tafuta tangazo linalotaja ukubwa wa chungu. "Mche mkubwa" ni maneno tu, na picha ya mmea mzima wa miaka kumi haikuambii utaletewa nini.

5. Vipandikizi visivyo na mizizi

Bei ndogo, hatari kubwa. Kwa mkulima mwenye mkono mzoefu ni njia nzuri ya kupata aina adimu, mradi kila kipande kiwe na kifundo chenye jicho. Niliwahi kuletewa jani la Monstera, mmea wa ndani wenye majani makubwa, likiwa na mabaka meupe, zuri ajabu, likiwa na kikonyo pekee. Lilitoa mizizi kwenye glasi ya maji, likakaa hivyo miezi, halikuchipua. Halikuwa na jicho la kuchipulia. Muuzaji alikuwa na picha nzuri na alijua fika alichokuwa anauza.

6. Miche ya tishu ndani ya chupa

Hukuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea. Ni misafi, haina wadudu wala ukungu, na migomba na okidi nyingi huzalishwa hivyo. Lakini imelelewa kwenye unyevu mwingi, na ukiitoa ghafla hunyauka mchana huohuo. Lazima uoshe ute wote wa chakula kwenye mizizi, uifunike kwa nailoni, kisha uizoeshe hewa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Kama huna muda huo, nunua iliyokwisha kuzoeshwa.

7. Mimea mikubwa yenye maua

Sipendekezi. Nunua mahali unapoweza kuubeba mwenyewe.

Kuhusu wauzaji, ishara ninazozitegemea ni chache. Jina la Kilatini pamoja na jina la aina. Siku ya kutuma, hasa mwanzoni mwa wiki, ili boksi lisilale ghalani Jumamosi na Jumapili. Na dhamana iliyoandikwa ikisema una saa ngapi za kutuma picha kama mche umefika umekufa.

Kuna matangazo ya kuyakimbia. Mbegu za waridi la buluu ni uongo. Waridi kwa asili halina rangi hiyo. Kampuni ya Suntory ililitengeneza kwa uhandisi wa jeni, ikaanza kuliuza Japani mwaka 2009, na hata hilo lina zambarau hafifu. Philodendron, mmea wa ndani wa mapambo, iliyoitwa Pink Congo nayo iliuzwa kwa bei kubwa: rangi yake ya pinki ililetwa na dawa, na baada ya miezi majani mapya yalitoka ya kijani.

Ukiagiza kutoka nchi nyingine, uliza kabla ya kulipa kama muuzaji atatoa cheti cha afya ya mimea. Bakteria Xylella fastidiosa, aliyegunduliwa kwenye mizeituni ya kusini mwa Italia mwaka 2013, ameangamiza mizeituni mingi sana. Mmea mmoja mgonjwa unatosha kuanzisha balaa kama hilo. Okidi na karibu kaktasi zote pia ziko chini ya CITES, mkataba wa mwaka 1973 unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na bila kibali forodha wanaweza kuzitaifisha.

Boksi likifika, lifungue siku hiyohiyo. Piga picha kabla hujagusa kitu. Weka mimea kivulini siku kadhaa, mbali na mingine kwa wiki mbili, na uchungulie chini ya majani kutafuta utitiri na vidung'ata, wale weupe kama pamba. Mche wa mizizi mitupu ukichelewa kuchipua usiudai kuwa umekufa. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: chini yake kukiwa na kijani chenye unyevu, uko hai. Kukiwa na kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, hadi juu tu ya pale ulipobebeshwa. Hapo napo pakiwa pakavu, tuma picha.