Eti "mama, mwachie mtoto acheze"

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, bora niitoe. Nilinunua Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, ya mtumba Kariakoo, imeshaflashiwa (imefunguliwa ili icheze gemu zisizo zake), na kadi ya SD imejaa gemu za zamani, zile za kutumbukiza sarafu. Habari za mashine yenyewe mtazisoma kwingine. Mimi nina neno na fundi.

Nilimwambia wazi: nataka Street Fighter II, gemu ya ngumi na mateke, ile ya 1991, na ile ya Mustapha na madinosaria, Cadillacs and Dinosaurs. Akajibu, "Humu zimo elfu tano, mama, hutazimaliza." Elfu tano zenyewe ni Street Fighter ileile imerudiwa na kurudiwa, nyingine imechakachuliwa mpaka mpiganaji Ryu anarusha moto akiwa hewani. Hilo nilimsamehe.

Lililonichoma ni vitufe. Ukibonyeza teke, Chun-Li anatafakari kwanza. Linapotoka, mwenzio ameshakuangusha. Nikawaambia watu wasinunue.

Nikairudisha. Fundi hata kwenye umeme hakuichomeka. Akatabasamu tu: "Mama, gemu hizi zinataka vidole vyepesi. Mwachie mtoto acheze." Mbele ya wateja! Mimi, niliyekuwa nikiwapanga wavulana foleni mpaka magharibi kwa sarafu moja tu! Nyumbani nikampa mwanangu, ana miaka kumi na saba. Ken wa mashine akampiga kama ngoma.

Kumbe mchawi ni TV. Hizi za flati zikipokea picha ya mashine ya zamani huipikapika kwanza ndipo ziionyeshe. Gemu hii inakwenda kama picha 60 kwa sekunde. TV ikichelewa picha tano sita, umekwisha. Fundi wa kweli angeniuliza swali moja tu: "Unachezea TV gani?"

Nikaenda kuifuata TV ya chogo stoo kwa mama yangu, ile ya kubebwa na watu wawili. Nikachomeka waya wa njano na ule mweupe. Wallahi nilipiga kelele. Teke linatoka kidole hakijainuka, na ile mistari myembamba ya giza kwenye kioo imerudi vilevile.

Kwa hiyo pale nilipowaambia watu wasinunue, nimefuta. Nunueni. Ila si kwake. Ingawa, tuseme ukweli, laki na nusu hakuna mwingine aliyenitajia, na kazi yake haijagoma hata siku moja... La, si kwake! Kauli ile sijaimeza.

Kinachonikera bado ni sarafu. Hapa sarafu ni kitufe chenye alama ya kutoa (−), unajibonyezea utakavyo, mtu anakufa mara ishirini wala hashtuki. Nimempiga mwanangu marufuku: sarafu tatu kwa siku.

Jana fundi kanitumia meseji: "Vipi mama, mtoto amefurahi?" Sijamjibu. Mtoto amefungwa mara kumi na nne mfululizo, amenuna chumbani.