Peugeot 504 ya Marehemu Baba Yenye Injini ya Toyota Mark II: Uzoefu Wangu wa Miezi Minane

Marehemu baba yangu aliinunua Peugeot 504 hii, ya mwaka 1977, alipokuwa mnunuzi wa pamba upande wa Magu, na tangu alipofariki ilikaa chini ya mwembe nyumbani kwetu Nyegezi kwa miaka kumi na mmoja. Sikutaka kuiuza, na sikutaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani ili iwe ya kutazamwa tu siku za sikukuu. Nilitaka gari la kwenda nalo kazini kila siku, lenye sura ile ile niliyoikimbilia getini nikiwa mtoto, lakini liwake bila kusukumwa na lisinichoshe safarini. Wamarekani wana desturi hiyo kwa magari yao yaliyotengenezwa kabla ya 1949, hasa Ford ya mwaka 1932: bodi hubaki ya zamani, na ndani yake hufungwa injini, breki na kiyoyozi vya kisasa, nao huliita gari la namna hiyo striti rodi. Peugeot yangu ni changa kwa kipimo chao, lakini wazo ni lile lile. Niliipeleka gereji moja huku Mwanza, na sasa ni mwezi wa nane tangu nikabidhiwe.

Injini yake ya awali ilikuwa ya silinda nne, cc 1,971. Iliyofungwa ni 1G-FE ya mtumba kutoka Japani, ile ya Mark II GX100, yenye silinda sita na cc 1,988, pamoja na gia boksi yake ya otomatiki. Kwa ujazo tofauti ni cc 17 tu, hivyo asitarajie mtu kwamba gari limegeuka la mashindano. Faida iko kwenye utulivu, kwa sababu silinda sita zilizopangwa mstari mmoja husawazishana zenyewe, na ule mtikisiko uliokuwa ukifika hadi kwenye usukani umetoweka. Spea nazo si tatizo, kwa kuwa Mark II zimejaa hapa mjini na hakuna fundi asiyezijua.

Kuiingiza injini hakukuwa kazi kubwa, ijapokuwa rejeta ilibidi isogezwe mbele. Ugumu ulikuwa nyuma ya gia boksi. Kwenye 504 ya saluni, propela, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, huzunguka ndani ya bomba la chuma linaloiunganisha gia boksi na difu, lile boksi la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, na bomba hilo ndilo linaloizuia difu isijipinde dereva anapokanyaga mafuta. Ukiweka gia boksi ya Toyota, bomba linakosa pa kushikia. Mafundi wawili niliowaendea kwanza walisema wangelikata tu na kuchomelea propela nyingine. Fundi mkuu wa gereji hii alipiga magoti, akanichorea kwa chaki sakafuni namna difu ingeinua pua yake kila ninapoondoka kwenye mataa, kisha akatengeneza mhimili wa chuma wa kuishikilia na kuipeleka propela mpya kwa fundi wa kukereza ikasawazishwe. Mchoro ule ndio ulionifanya nimwachie funguo.

Springi za Peugeot hakuzigusa, na kwa uamuzi huo namshukuru kuliko kwa injini. Alibadilisha bushi na shokapu peke yake. Magari haya yalitengenezewa springi laini zenye mwendo mrefu, na si bure kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978, ile ya milango miwili, ikiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Njia ya kupanda kwangu ni mawe matupu, kama njia nyingi za vilima vya Mwanza, na gari hili hupita juu yake kwa upole ambao sijauona kwenye gari lolote dogo la kisasa nililowahi kupanda.

Bodi ilikuwa na kutu sakafuni na chini ya milango. Walikata bati lililooza na kuchomelea jipya badala ya kujaza puti, na rangi ni nzuri.

Umeme ndio ulioniumiza. Wiki ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya jioni Buzuruga, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilipofungua boneti nilikuta waya wa feni, mwembamba kama wa taa ya ndani, ganda lake limeyeyuka kwa urefu wa kiganja na shaba iko wazi, sentimita chache kutoka kwenye mpira wa mafuta. Feni mbili za umeme zilikuwa zimeungwa moja kwa moja kwenye swichi, bila rilei, kile kifaa kinachobeba umeme mkubwa kwa niaba ya swichi, na bila fyuzi, na maungio yalikuwa yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Gereji walibadilisha waya bila malipo, ila kwa waya wa unene ule ule. Nilikasirika sana, kwa maana kosa la namna hiyo huteketeza gari na waliomo. Nilimtafuta fundi mwingine wa umeme, akazivua waya zote na kuzifunga upya, kila feni na rilei yake na fyuzi yake, kwa shilingi 480,000 ambazo sikurudishiwa. Tangu hapo nimepanda kilima cha Bugando saa saba mchana kiyoyozi kikiwaka, na mshale hausogei.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Bunda. Tulipovuka Mto Simiyu aliniuliza, "Baba, mbona umezima gari?" Nikamwambia linaunguruma, asikilize vizuri. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, ile ile ya zamani, akakiacha hapo hadi Lamadi.

Kwa bodi na kazi ya chini ya gari, ningewarudia gereji hawa kesho. Kwa umeme, hapana; mwenye nia ya kufanya kazi kama hii atafute fundi wa umeme wake mwenyewe tangu mwanzo, na akumbuke kupeleka namba ya injini mpya Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kadi ya gari irekebishwe. Kilichobaki kwangu ni mpira wa kioo cha nyuma, ambao bado unaingiza maji mvua za ziwani zinapokuja na upepo.