Redio ya Biblia ya sola: miezi saba kwa baba, Iramba

Niliinunua mwezi wa pili kwenye duka la vitabu vya dini Dodoma, Sh. 85,000. Ni kiredio cheusi kinachoenea kiganjani, mgongoni kina sola, ndani imeshawekwa Biblia nzima ya sauti kwa Kiswahili. Hakishiki stesheni yoyote, hakitaki bando. Nilikipeleka kijijini kwetu mkoani Singida, ukishukia Misigiri unapanda bodaboda kuelekea upande wa Kiomboi, na tangu hapo kipo kwa baba. Naandika kwa ajili ya mwenye mzazi kama wangu.

Baba ana miaka 78. Mtoto wa jicho umemshika macho yote mawili. La kushoto limeshafanyiwa upasuaji lakini maandishi bado hayaoni. Marehemu mama alikuwa Mlutheri wa kila Jumapili. Baba kanisani aliingia kwa harusi na misiba tu. Mimi niliokoka mwaka 2009, na kila likizo nilikuwa namkalisha chini, namweleza habari za Yesu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha: "Nimesikia, mama." Anainuka, anakwenda kuangalia mbuzi.

Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba tatizo halikuwa neno lenyewe. Kwetu mtoto hamfundishi baba yake. Hata ukisema kweli tupu, ikitoka kinywani mwa mtu uliyemlea na kumlipia ada, inakaa vibaya masikioni. Nilitaka kitu kitakachosema naye nikiwa sipo.

Nilianza na simu. Programu za Biblia zenye sauti zipo na ni za bure, lakini kwa mzee asiyeona vizuri kioo cha kugusa ni mateso, bando linaisha katikati ya sura, na wajukuu wakiiona simu hairudi tena. Kwa vijana wa mjini simu inatosha kabisa, msinunue redio.

Redio hii ina vitufe vitano vya raba, vikubwa, unavihisi kwa kidole. Skrini haina; sauti ndiyo inayotaja kitabu na sura. Biblia ina vitabu 66 na sura 1,189, kwa hiyo kama ungelazimika kubonyeza kutoka Mwanzo hadi Luka ungebonyeza mara 41. Kwa bahati kuna kitufe cha kurukia Agano Jipya: unatua Mathayo, unabonyeza mara mbili, uko Luka. Baba alijifunza kwa siku mbili, anahesabu kwa vidole. Kasoro ni kwamba huwezi kurudi nyuma kidogo. Ukikosa sentensi moja unarudi mwanzo wa sura.

Tafsiri iliyomo ni Union Version, ile ya mwaka 1952. Dukani niliulizia Biblia Habari Njema, nikidhani ndiyo rahisi kwake. Hawakuwa nayo, na sasa nashukuru. Baba Kiswahili alikipata ujanani kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na haya maneno ya "babaye" na "kulikuwako" ndiyo aliyoyasikia kwa wazee wa huko. Wajukuu ndio wanaouliza maana, naye anawafafanulia. Sikulitegemea hilo, baba akiwaeleza watoto maneno ya Injili.

Usomaji ni wa kuigiza, kila mhusika na sauti yake. Kwa asiyeona inasaidia sana, anajua nani anasema na nani.

Jioni moja wakati wa Pasaka tulikuwa upenuni, tumeshakula ugali wa uwele na mlenda. Redio iko juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, baba kwenye kigoda, na jirani mmoja wa rika lake aliyekuja kuulizia ndama. Ilikuwa Luka 15, yule mwana aliyetapanya mali anarudi nyumbani. "Alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona, akamwonea huruma, akaenda mbio..." Baba akainua mkono.

"Rudisha."

Ikabidi tuanze tena na kondoo aliyepotea, na yule mwanamke na shilingi yake, mpaka tukafika pale pale. Sura ilipoisha aliizima mwenyewe. "Alikimbia? Mzee mwenye mali, mwenye watumishi, akakimbia mbele za watu?" Jirani akasema ndivyo ilivyosema. Baba akanyamaza muda mrefu. Kaka yangu aliuza ng'ombe wa baba bila ruhusa akaenda migodini Geita, ni miaka 11 sasa, na jina lake lilikuwa halitajwi pale nyumbani.

Akaniuliza: "Namba ya kaka yako unayo?"

Sikusema neno. Ningeongeza hata aya moja ningeharibu. Nilimpigia palepale, haikupatikana. Siku ya tatu ikapatikana. Kaka hajaja bado, lakini wanaongea.

Tuje kwenye chaji. Boksi linasema chaji inadumu saa 10. Mimi, baada ya kuianika kwenye kichanja kutwa nzima, na jua la Singida mnalijua, napata saa nne, tano ikiwa sauti ni ya wastani. Kwa jioni inatosha. Upepo wa kule unaingiza vumbi kwenye matundu ya spika, hivyo niliishonea mfuko wa kitenge wenye dirisha la wavu mbele. Mimi ni fundi cherehani. Kama hushoni, mpe fundi yeyote, ni kazi ya dakika 20.

Sehemu ya kuchajia kwa waya ililegea mwezi wa nne. Dukani waliniahidi waranti ya miezi sita kwa mdomo, na niliporudi wakasema bila risiti hawanitambui. Iliniuma, maana hapo ukutani mwao pamejaa mistari ya Maandiko. Fundi wa redio aliilehemu kwa Sh. 5,000, haijasumbua tena. Daini risiti, na uombe wakufungulie Agano la Kale usikilize kwa masikio yako, kwa sababu zipo zenye Agano Jipya peke yake zinazouzwa bei ileile.

Ndani kuna pia mahubiri na nyimbo. Nyimbo baba anazipenda. Mahubiri ni ya kupaza sauti sana; alisikia moja akasema huyu anamgombeza nani. Ningeyafuta kama ingewezekana, Neno lenyewe lilikuwa linatosha.

Wanaouliza kama baba ameokoka: hajabatizwa, hajaniambia, na sijamuuliza. Ila mwezi uliopita alimwita mwinjilisti wa mtaani, mwenyewe, akawa na maswali yake ameyapanga kuanzia Mathayo. Sasa yuko Matendo ya Mitume. Ameagiza nikija mwezi wa 12 nimletee raba ya kitufe cha kurudisha sura, imeanza kuchanika.