Kompyuta za ofisi bado ziko Windows 10? Soma hii kabla hujatoa hela

Ofisi nyingi hapa Mwanza, kuanzia steshenari za mjini mpaka wanunuzi wa samaki kule Mwaloni Kirumba, bado wako Windows 10, na Microsoft walisitisha apdeti zake za bure tangu 14 Oktoba 2025. Mashine inawaka kama kawaida ndo maana watu wanapuuzia, ila kila tundu jipya la usalama linabaki wazi, na humo ndani kuna mishahara, hesabu za TRA na paswedi za benki. Njia ziko tano, mi nazipanga hivi kuanzia bora mpaka mbaya.

Namba moja ni kupandisha mashine hiyohiyo kwenda Windows 11, ni bure kama Windows 10 yako ni halali. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, angalia prosesa. Kwa Intel, tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndo jenereshoni (kizazi cha prosesa), na inatakiwa ya 8 kwenda juu: i5-8500 ni jenereshoni ya 8, inakubali, i5-6500 ni ya 6, haikubali, na ukikuta tarakimu tano kama i5-10400 basi hiyo ni ya 10. Halafu bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc kuangalia TPM, yaani chipu ya usalama, inatakiwa isome 2.0, isiposoma usikate tamaa maana mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, ile setingi ya mashine kabla Windows haijawaka. Ramu wanasema GB 4 inatosha lakini kwa kazi za ofisi jamani wekeni 8, na kama bado kuna hadidiski ya kuzunguka toa weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hiyo peke yake inaondoa nusu ya malalamiko ya "kompyuta nzito".

Namba mbili, kununua used ya jenereshoni ya 8 kwenda juu. Hapa ndo watu wanapigwa sana, muuzaji anakwambia "hii Core i5 bosi" anaishia hapo, wakati kuna Core i5 za zaidi ya miaka kumi. Dai namba kamili, iwashwe mbele yako, uone na akitivesheni ya Windows.

Tatu, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows. Kwa mashine ya kuchapa barua na kuingia intaneti inafaa kabisa na ni bure, ila ya mhasibu anayetumia QuickBooks (programu ya mahesabu) ya kusetapu kwenye Windows usiiguse.

Nne, kubaki Windows 10 na kulipia Microsoft apdeti za ziada za usalama, kwa ofisi ni dola 61 kila mashine mwaka wa kwanza na bei inakuwa mara mbili kila mwaka unaofuata, mi ningelipia mashine moja tu yenye programu ya zamani isiyohamishika.

Ya mwisho kabisa ni fundi kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubali. Microsoft hawakuhakikishii apdeti hapo, sasa umefanya nini?

Yoyote utakayochagua, kopi mafaili kwanza kwenye diski ya nje, chomeka mashine kwenye UPS (betri ya akiba) maana umeme ukikatika katikati ni balaa, anza na mashine ya mapokezi, jaribu printa zote, ya mhasibu iwe ya mwisho.